Kozi za kiangazi za DAAD Ujerumani: masomo safi, viza ndiyo kazi

Kwa mwanachuo anayejifunza Kijerumani, ufadhili huu wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, tunaupendekeza bila kusita. Kozi ni siku 18 au zaidi, masomo yasiyopungua saa 25 kwa wiki. Hilo ni darasa hasa, si matembezi.

Wengi hukwama kwenye viza ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya, Ujerumani ikiwemo. Uamuzi huchukua kwa kawaida siku 15, lakini unaweza kufika 45, na miadi ya ubalozi huwa haba msimu wa likizo. Omba viza mara tu barua ya ufadhili inapofika. Kisha soma cheti cha bima ya matibabu ya safari neno kwa neno: kionyeshe kinga ya angalau yuro 30,000 na kitaje nchi zote za Schengen, si Ujerumani pekee. Pasipoti ibakiwe na miezi 3 baada ya kuondoka huko, na kurasa 2 tupu.