Dodoso la VIA: kipimo cha karama kisichokulinganisha na jirani

Mtu anayehusudu karama za wenzake mara nyingi hajui zake kwa majina. Ukimuuliza karama za mwenzake, atakutajia tano papo hapo. Ukimuuliza zake, ananyamaza. Kwa tatizo hilo, dodoso la VIA (kifupi cha Values in Action, maadili kwa vitendo) ni kifaa kizuri, na ni la bure.

Linatolewa mtandaoni na VIA Institute on Character ya Cincinnati, Marekani. Msingi wake ni kazi ya wanasaikolojia Christopher Peterson na Martin Seligman iliyochapishwa mwaka 2004. Linapanga sifa 24 za tabia njema, zikiwemo ujasiri, shukrani, huruma, ucheshi, uvumilivu, tahadhari na imani, kuanzia iliyokujaa zaidi hadi iliyo haba kwako. Sifa yako ya kwanza imeshinda zile 23 zako mwenyewe, basi. Haisemi kwamba umemzidi au umezidiwa na fulani. Watu wawili wakiweka karatasi zao sambamba waone nani ana "upendo" juu zaidi, hawapati jibu lolote la maana, na hilo ndilo kosa la kwanza linalofanywa pale watu wanapojibu kwa kikundi.

Unafungua akaunti kwa barua pepe, unachagua lugha, kisha unajibu sentensi 96 kwa ngazi tano, toka "inanifanana kabisa" hadi "hainifanani kabisa". Tenga dakika 15 za utulivu. Chagua lugha unayoielewa hadi ndani, maana sentensi ukiielewa nusu, jibu nalo litakuwa nusu. Walio chini ya miaka 18 wana dodoso lao. Ukimaliza utaletewa matangazo ya ripoti za kulipia, zipite. Orodha kamili ya sifa zote 24 na maelezo mafupi inatolewa bure, na kwa kuanzia inatosha.

Majibu huharibika kwa namna mbili. Wengine hujibu vile wanavyotamani kuwa, hasa waumini wanaoona aibu kukiri kwamba kusamehe kunawawia vigumu. Wengine hukaa katikati kila sentensi, matokeo yakawa bapa, sifa zote zimebanana. Dawa ni moja: kwa kila sentensi, kumbuka ulichofanya wiki mbili zilizopita. Jibu kwa hicho.

Matokeo yakija, usigombanie tofauti ya nafasi ya pili na ya tatu. Pengo lake huwa dogo. Chukua tano za juu kama fungu moja, kisha pima kila moja: bila hii ningekuwa mimi? Naifanya bila kujisukuma? Ikitumika, inaniongezea nguvu? Inayopita yote matatu ndiyo ya kushika. Ya 24 nayo isikutie simanzi. Haina maana ya dosari, ipo tu, ila huitumii sana.

Hapa ndipo wengi huvunjika moyo. Mtu alitamani ucheshi wa mshereheshaji, karatasi ikamletea "tahadhari" juu kabisa, akaiona karama ya kizee. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kwenye kikundi cha vikoba, sanduku lina kufuli tatu na funguo hukaa kwa watu watatu. Anayehesabu hisa mara mbili kabla sanduku halijafungwa, anayesoma masharti ya mkopo hadi mstari wa mwisho, huyo ndiye wenzake wanalala usingizi kwa sababu yake. Mshereheshaji akipewa ufunguo huo, kikundi kizima kinakosa raha.

Kinachobadilisha mtu ni zoezi la baadaye: chagua sifa moja ya juu, uitumie kwa namna mpya kila siku kwa wiki nzima. Katika utafiti wa Seligman na wenzake wa mwaka 2005, waliopewa zoezi hili waliongezeka furaha na dalili za sonona zikapungua kwa miezi sita. Mwenye tahadhari, kwa mfano, Jumatatu anaandika bajeti ya nauli ya watoto, Jumanne anamsaidia jirani kusoma mkataba wa pango, Jumatano anakagua waya za jikoni. Namna mpya ni muhimu. Ukirudia la jana, zoezi linageuka mazoea.

Upungufu wa dodoso uko wazi. Linapima tabia tu. Sauti ya kuimba, miguu ya mpira na mkono wa cherehani havimo, na mwenye vipawa hivyo asidhani amenyimwa kwa kuwa karatasi imenyamaza. Kwa hayo, waulize watu watatu wanaokujua, kila mmoja peke yake: "Ni kazi gani ungenipa mimi kabla ya mtu mwingine?" Jibu linalorudiwa na wawili liandike chini ya zile tano.

Usirudie dodoso kila mwezi. Sifa hizi hazigeukigeuki, na anayerudia upesi mara nyingi anatafuta karatasi inayofanana na ya mwenzake.