UPT ya buku: boksi lile lile, maduka mawili, majibu tofauti

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu kanipigia saa kumi na mbili asubuhi sauti ya kulia kabisa, "Dada, mbona hakuna mstari hata mmoja?" Alikuwa kanunua UPT, yani kipimo cha mimba cha mkojo, ile ya kijiti ya shilingi 1,000, kwenye duka moja la dawa maeneo ya Mbagala (duka silitaji), kafata kila kitu, mkojo wa kwanza wa asubuhi, kachovya mpaka kwenye alama, kasubiri dakika 5, hamna. Yani sio kwamba kimesoma hana mimba, hapana, hata mstari wa juu ule wa C haujatoka, na huo unatakiwa utoke uwe na mimba usiwe nayo. Nikamwambia usikitupe, jioni nakuja, maana mi kazi yangu ni maabara na haya mambo yananiuma.

Nimefika nakishika kile kijiti, rangi imeganda kule chini kwenye kipande inapoanzia, haijapanda, na wala sio ile pinki yenyewe, inaelekea zambarau. Mfuko wake wa foili una mpasuko mdogo pembeni kwenye mkunjo. Kesho yake nikapita pale dukani, boksi zimepangwa mbele kwenye kioo, jua la mchana linapiga humo humo, juu bati, na boksi lenyewe limeandikwa hifadhi nyuzi 2 mpaka 30. Kwa joto hili la Dar la mwezi wa pili, ndani ya kioo kile 30 ilishapitwa zamani.

Wengi hawajui kwamba ile pinki ni dhahabu. Dhahabu kweli, ila imetengenezwa iwe chembe za nano, kwa kawaida kama nanomita 40 hivi, yani ukizipanga mstari mmoja kwenye upana wa unywele zinaenea kama elfu mbili. Dhahabu ikiwa ndogo hivo haing'ai njano tena, inakuwa nyekundu. Juu ya kila chembe wamebandika kingamwili, ambazo ni protini, na mara nyingi zimetoka kwa panya. Hizo ndo zinaikamata homoni ya mimba, hCG, halafu zinapanda nayo mpaka kwenye mstari wa T, ule wa majibu, ambako kuna kingamwili nyingine zinaisubiri. Zile ambazo hazijakamata kitu zinaendelea mpaka C, pale mara nyingi wameweka kingamwili ya mbuzi inayomkamata huyo wa panya. Afu sehemu za dhahabu zilizobaki wazi wanazifunika na albumini, protini ya damu ya ng'ombe. Kijiti cha buku kina panya, mbuzi na ng'ombe, mi kila nikifikiria nakiheshimu.

Sasa shida inaanzia kwenye hiyo protini. Ina umbo lake, imejikunja, sehemu zinazokataa maji zimejificha ndani. Ikigusa chembe ya dhahabu inaweza kuanza kujikunjua ijilaze juu yake, na ikishalala sana ule mkono wa kukamata homoni haufanyi kazi tena. Watengenezaji wanahangaika sana hapo, wanapima asidi ya maji, wanapima kiasi cha kingamwili, mwisho wanaikausha pamoja na sukari ili umbo lisiharibike. Ukiongeza joto na unyevu unabomoa kazi yote hiyo. Angalia ute wa yai kwenye kikaango cha chipsi mayai, ukishakuwa mweupe ndo basi, haurudi.

Na protini ikiachia, dhahabu nayo inaumia, kwa sababu ile protini ndo inazizuia chembe zisigandane. Chuoni tulikuwa tunafanya hivi, unachukua maji ya dhahabu ambayo hayana protini ya kutosha, unadondoshea chumvi, hapo hapo nyekundu inageuka bluu au zambarau, zimeshikana. Ndo maana nilivyoona lile doa la mdogo wangu sikuhitaji kuambiwa. Mwanasayansi Faraday alitengeneza maji ya dhahabu kule London miaka ya 1850 na mpaka leo vichupa vyake vimehifadhiwa, vyekundu bado. Dhahabu inadumu, ila kingamwili kwenye kioo cha jua hazidumu.

Nikaenda Kariakoo, duka lingine, nikanunua vitano, boksi lile lile, jina lile lile, bei ile ile. Kaka wa pale alivitoa kabati la ndani, kuna AC, na ukutani kaning'iniza kipimajoto na daftari anaandika nyuzi asubuhi na jioni. Nilifurahi sana kuona lile daftari. Mdogo wangu kachovya mbele yangu, pinki ikapanda taratibu kama maji yanavyolowa kwenye kanga, C ikatoka imekolea haijafika hata dakika mbili. Majibu ya T ni yake mwenyewe.

Kipimo nakipa nyota 4. Nyota moja naitoa kwa sababu maelekezo ni Kiingereza kitupu tena herufi ndogo, wakati anayekinunua anahitaji kujua asisome baada ya dakika 10, kikikauka kinaweza kuacha kivuli cha mstari na mtu akapata presha bure. Duka la Mbagala sitoi hata moja. Na kinachonitisha sio kile kilichogoma kabisa, hicho utakitupa, ni kile ambacho C imetoka ila kingamwili za T zimechoka, kinakwambia huna wakati unayo. Mrdt, vile vipimo vya haraka vya malaria, navyo nyingi ni dhahabu na kingamwili hivi hivi, kwa hiyo wenye maduka tafadhali toeni hivi vitu kwenye vioo vya mbele.

Ukinunua bonyeza foili, iwe imejaa na haina mpasuko. Kama unakiweka friji usikigandishe, na ukikitoa kiache ubaridi umtoke kwanza kabla hujachana foili, la sivyo umande unaingia. Pale Kariakoo vilikuwa bado vingi, mwambie akutolee vya kabatini.