Mizunguko 25 kwa Ajili ya Watoto wa SS: Tathmini ya Huduma ya Kocha wa Mbio, Lubumbashi

Kuanzia Machi hadi Juni mwaka huu, sisi wanawake 34 wa likelemba moja, yaani kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, cha Katuba hapa Lubumbashi, tulimlipa kocha wa mbio atuandae kukimbia kilomita 10. Ndugu, majirani na wauzaji wenzetu wa sokoni walikuwa wameahidi kutoa kiasi fulani cha faranga kwa kila mzunguko wa uwanja ambao kila mmoja wetu angeumaliza, na fedha hizo zote zilikuwa za watoto wanaougua selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao hapa mjini watu huuita SS tu. Tangu tumalize, akina mama wa vikundi vingine wamekuwa wakiniuliza kama kuna haja ya kumlipa mtu awafundishe kukimbia, ilhali kukimbia kila mtu anajua. Jibu langu ni kwamba haja ipo, na huduma hii imestahili fedha yake, ila kuna mambo ambayo kikundi kinapaswa kuyadai kabla ya kutoa malipo ya kwanza.

Ada ilikuwa dola 10 kwa mwezi kwa kila mwanamke, kwa mazoezi matatu kila juma: Jumanne na Alhamisi jioni, na Jumamosi asubuhi, katika uwanja wa shule. Ada hiyo tuliitoa mifukoni mwetu. Hakuna hata faranga moja ya mchango wa watoto iliyoingia humo, na kocha mwenyewe ndiye aliyesisitiza kwamba daftari la ada na daftari la ahadi yasishikwe na mtu mmoja. Kwa jambo hilo peke yake nilianza kumwamini.

Wengi wetu hatukuwa tumekimbia tangu tulipoacha shule. Siku ya kwanza tulidhani atatupanga mstarini na kupuliza filimbi, kumbe alituambia tutembee dakika nne, tukimbie dakika moja, kisha turudie, na yeyote aliyeshindwa kuzungumza na mwenzake wakati wa kukimbia apunguze mwendo. Hakumlazimisha mtu kuvua kitenge. Waliotaka walivaa suruali ndani na kitenge juu, wakakifunga kwa fundo la pembeni ili kisizuie magoti. Kila juma dakika za kukimbia ziliongezeka kidogo na za kutembea zikapungua, na kufikia mwisho wa Aprili hata mama mmoja mwenye miaka 52, ambaye huamka usiku kutwanga sombe, yaani majani ya muhogo, ya kuuza, aliweza kukimbia nusu saa bila kusimama.

Hapa nieleze jambo ambalo kikundi chochote chenye nia kama yetu hakina budi kulizingatia. Kongo, pamoja na Nigeria na India, ni miongoni mwa nchi ambamo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu. Mtoto huupata ugonjwa huu anapopokea chembe ya urithi yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia, maana yake ni kwamba mama wa mtoto wa SS naye amebeba chembe hiyo, hata kama hajaugua siku moja. Kwa kawaida anaishi na kufanya kazi kama mtu mwingine yeyote, lakini akijilazimisha kupita kiasi akiwa na kiu, katika joto kali, anaweza kupata madhara makubwa, ingawa ni mara chache. Katika kikundi chetu mna akina mama tisa wenye watoto wa namna hiyo. Kocha hakulijua jambo hili, na muuguzi aliyemo miongoni mwetu alipomweleza, hakujitetea wala hakulichukulia kama kelele za wanawake. Juma lililofuata alikuja na ratiba mpya: mbio za kushindana kwa kasi ziliondolewa kabisa, mapumziko yakaongezwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia uwanjani bila chupa ya maji. Akina mama wale tisa ndio waliokuwa wa kwanza kutii, kwa kuwa kuhimiza maji ndiyo kazi yao ya kila siku nyumbani, maana damu ya mtoto wa SS ikikosa maji, maumivu hayako mbali.

Kosa kubwa la huduma lilitokea katika jaribio la Mei. Kocha alikuwa ameupima uwanja vizuri kwa utepe wa mita 50, akaulaza mara nane ili kupata mita 400, akachora njia kwa chokaa. Kilomita 10 ni mizunguko 25 ya njia hiyo. Lakini kuhesabu mizunguko ya watu 34 alikuwa amejiachia mwenyewe, kwa kalamu na daftari, na ilipofika mzunguko wa kumi hakujua tena nani yuko wapi. Mama mmoja aliandikiwa 19 naye akaapa kwamba alikimbia 21, mwingine akaandikiwa 25 wakati sote tulimwona akipumzika chini ya mwembe. Katika mbio za kawaida hilo lingekuwa jambo la kucheka, lakini kwetu kila mzunguko ni fedha ya jirani aliyetuamini. Tukimpelekea hesabu ya uongo mara moja, mwakani hatatufungulia mlango. Nilikasirika, na sikumficha.

Suluhisho lilitoka kwa kocha na sisi kwa pamoja, nalo ndilo ninalolisifu kuliko yote. Kila mkimbiaji alipewa kikombe cha plastiki chenye jina lake na punje 25 za maharage ndani. Vikombe vilipangwa juu ya meza ndefu kwenye mstari wa kumalizia, na nyuma ya meza waliketi vijana, kila mmoja akisimamia vikombe vinne au vitano. Mkimbiaji akipita huita jina lake, kijana hutoa punje moja na kuidondosha katika sahani ya bati, nayo hulia “ti!” Ukiisikia, unajua mzunguko wako umeingia, na ukitaka kuhakiki, unasimama na kuhesabu punje zilizobaki. Mtoa ahadi yeyote angeweza kuja mezani na kutazama. Tangu siku hiyo hapakuwa na ubishi tena.

Kasoro nyingine ni ndogo lakini zinawahusu wanawake moja kwa moja. Vyoo vya shule vilikuwa vinafungwa jioni, na ilituchukua majuma matano kumfanya kocha aombe ufunguo. Mwanaume anaweza asilione tatizo hilo, lakini walikuwepo waliokuwa wakikatisha mazoezi na kurudi nyumbani kwa sababu hiyo tu. Malipo tuliyatuma kwa simu, na risiti za karatasi zilipatikana baada ya kudai mara tatu. Na mazoezi ya Jumamosi yalipangwa saa kumi na mbili kamili asubuhi, saa ambayo Machi kumepambazuka, lakini Juni huku kwetu bado ni giza, na mwanamke kutembea peke yake gizani katika mitaa yetu si jambo la kulazimishwa. Tulilazimika kukutana kwa makundi na kusindikizana hadi kocha alipokubali kusogeza muda hadi saa moja.

Yapo maneno pia tuliyoyasikia kutoka kwa baadhi ya wazee, kwamba mbio ndefu humharibu mwanamke. Kocha aliwajibu kwa upole uliotufaa sana. Aliwaeleza kuwa Olimpiki ya mwaka 1928 wanawake walikimbia mita 800, kisha mbio hizo zikaondolewa kwa madai kama hayo hayo hadi mwaka 1960, na kwamba marathoni ya wanawake iliingia Olimpiki mwaka 1984, huko Los Angeles. Mzee mmoja aliyeanza kwa kupinga alimaliza kwa kuahidi faranga kwa mizunguko ya binti zake wawili.

Tulikimbia Jumamosi iliyotangulia Juni 19, ambayo ni siku ya kimataifa ya selimundu. Baridi ya kiangazi ilikuwa kali, vumbi jekundu limelala, na watoto wenye SS tuliwaacha nyumbani wakiwa wamefunikwa vizuri, kwa kuwa baridi kama ile huwaamshia maumivu. Waliohesabu maharage ni kaka na dada zao. Wanawake 31 walimaliza mizunguko yote, na watatu waliishia njiani bila aibu, kila mmoja akiwa na hesabu yake sahihi. Mama wa sombe ndiye aliyebaki wa mwisho, akitembea na kukimbia kama siku ya kwanza, na kocha hakuondoka uwanjani kwenda kupokea pongezi, bali alitembea pembeni yake mizunguko minne ya mwisho huku meza nzima ikimsubiri, hadi punje yake ya 25 ilipolia katika sahani.

Fedha za ahadi zilikusanywa kwa muda wa majuma mawili, zikaenda kununua haidroksiyurea, dawa ya kila siku inayopunguza mashambulizi ya maumivu, na kulipia vipimo vya damu vya watoto. Kocha tumemwajiri tena kuanzia Machi ijayo, kwa ada ile ile, na safari hii makubaliano yameandikwa: risiti siku ya malipo, ufunguo wa choo mkononi mwetu, na maharage kuanzia jaribio la kwanza.