Kanuni za mkato za nyumba za kupangisha: ipi inafaa Mombasa?

Kanuni ya asilimia moja, iliyozoeleka Marekani, inataka kodi ya mwezi ifikie asilimia 1 ya bei ya kununulia. Chukua mfano wa fleti ya shilingi milioni 8 inayopangishwa kwa 45,000. Ilipaswa kuleta 80,000, kwa hiyo inaanguka, na fleti nyingi za Nyali na Bamburi zinaanguka vivyo hivyo.

Ubaya wa kipimo hiki ni pale nyumba inapokifaulu. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba 6, kila chumba 5,000, ikiuzwa milioni 2.4, inatoa asilimia 1.25. Inavutia kweli! Lakini Mombasa kuna nyumba nyingi zisizo na ardhi: unanunua kuta na paa, kiwanja ni cha mtu mwingine, nawe unamlipa kodi ya ardhi. Kanuni haioni hati. Pekua hati ofisi ya ardhi kwanza, kalkuleta baadaye.

Kanuni ya nusu ndiyo tunayoipendekeza. Katika kila kodi, tenga asilimia 50 kwa matengenezo, keateka, ada za jengo na miezi ambayo nyumba iko tupu. Wanaosema ni nyingi mno hawajaihesabu chumvi. Upepo wa bahari unakula grili, bawaba na mashine ya nje ya eyakondishena. Maji ya kisima yenye chumvi yanamaliza pampu, mifereji na hita ya bafuni. Maji ya kaunti yakikatika huagizwa boza, na mkataba usiposema nani analipa, mzozo hauishi.

Kasoro yake ni kwamba haihesabu ushuru. Tangu Januari 2024, kodi ya nyumba ya kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5 ya mapato yote, bila kutoa gharama. Fleti yetu inaingiza 540,000. Toa nusu, toa ushuru wa 40,500, zinabaki 229,500. Ukijumlisha bei na ushuru wa stempu (unaolipwa umiliki unapohamishwa) wa asilimia 4, umeweka 8,320,000. Pato lako ni kama asilimia 2.8, na wakili bado hajalipwa. Usiinunue kwa mkopo wa benki.

Kugawanya bei kwa kodi ya mwaka (hapa ni miaka 14.8) kunafaa kulinganisha fleti za mtaa mmoja tu. Ukiweka Nyali na Mikindani pamoja, kipimo kinapotosha: moja ina lifti, jenereta na walinzi wa kulipiwa kila mwezi, nyingine haina.