Boti ya Malindi (Unguja) hadi Mkoani (Pemba) ukiwa na mgonjwa: uzoefu wangu

Naandika haya kwa wenye wagonjwa wa Pemba. Nilipouliza kabla ya safari, kila mtu alinijibu kuwa boti ni nzuri au boti ni mbaya, basi. Mwenye mzazi mtu mzima na mguu kwenye plasta anahitaji kujua zaidi ya hapo. Mama yangu alivunjika mguu akiwa kwangu mjini, akatibiwa hospitali ya Mnazi Mmoja, na alipopewa ruhusa alichotaka ni kurudi kwake Wete tu. Ndege aliikataa katakata. Ikawa boti, mwezi wa Julai, upepo wa kusi umeshika.

Jina la kampuni silitaji.

Kukata tiketi hakuna shida. Unatoa kitambulisho, jina linaandikwa kama lilivyo, unalipa. Niliwaeleza dirishani kuwa mgonjwa wangu hawezi kupanda ngazi, nikaambiwa nije mapema, tutasaidiwa. Tulifika mapema. Boti ya asubuhi iliondoka adhuhuri imeshapita, na muda wote ule hakutoka mtu wa kampuni kutwambia kuna nini. Watu wamekaa gatini na watoto wao, wanaulizana wenyewe kwa wenyewe.

Ulipofika wakati wa kupanda, maji yalikuwa yamekupwa. Boti imeshuka chini ya usawa wa gati, ngazi imeinama, na nyuma yetu watu wanasukumana. Hapo ndipo mahamali wawili walipotua mizigo yao bila ya kuitwa. Mmoja akajifuta mikono kwenye shati, mbele na nyuma, akasema, "Tuwie radhi bibi, mikono ina vumbi." Wakakamatana vifundo vya mikono, mama akakaa juu ya mikono ile na kuwashika mabegani, wakashuka naye hatua kwa hatua, kiubavu, huku mmoja akiwaambia watu wasubiri. Walimketisha kitini na kumwekea begi chini ya mguu. Nilipotoa pesa yule mwenye vumbi alirudisha mkono wangu. "Huyu si mzigo," akasema, akapanda juu kufuata magunia yake.

Ndani viti vizuri, baridi ya mashine ni kali (chukueni shuka), choo kimoja hakikuwa na maji. Kwenye televisheni walionesha namna ya kuvaa koti la kuokolea na makoti yalipo. Mimi huangalia hayo mpaka mwisho, na huinama kuhakikisha koti lipo. Sisi wa Pemba tuna sababu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilitoka Malindi hapohapo kwenda Pemba, imezidisha watu na mizigo, ikazama kwenye mkondo wa Nungwi. Wapo walionusurika kwa kushikilia magodoro yaliyokuwa mizigo ya abiria. Haukupita mwaka, tarehe 18 Julai 2012, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Kwa hiyo nilipoona mabaharia wanahesabu watu mlangoni na kuwarudisha wasio na tiketi, ijapokuwa walipigiwa kelele, nilifarijika kwa dhati. Hilo kampuni inafanya vizuri na nawashukuru.

Mpaka usawa wa Tumbatu bahari ilikuwa shwari. Ukishaipita Nungwi, Unguja haikukingi tena, unaingia mkondoni. Kwenda Pemba wakati wa kusi wimbi linakuja nyuma. Linainua tezi, yaani nyuma ya boti, boti inateleza mbele, kisha inalala ubavu mmoja. Ukiwa mzima unavumilia. Mwenye mguu wa plasta, kila ikilala, mguu unatafuta chuma cha kiti cha mbele. Watu wakaanza kutapika. Baharia alipita na vifuko vyeusi, vikamalizika hata hajafika safu yetu.

Katikati ya hali hiyo mngurumo ukapungua ghafla. Boti ikapoteza kasi, ikageuka, wimbi likaanza kuipiga ubavuni. Spika kimya. Mtoto mmoja akalia, mamake akalia, halafu ikasikika shahada kutoka viti vya nyuma, mtu mmoja, wawili, chumba kizima. Mama alinishika mkono hakusema kitu.

Ng'ambo ya njia alikaa bibi mmoja wa Kengeja ambaye mpaka wakati ule tulisalimiana tu. Alifungua fundo la kanga yake, akatoa ndimu na karafuu kavu. Ndimu aliikata kwa meno, nusu akampa mama. "Inuse, usiinywe. Na karafuu iweke chini ya ulimi." Kisha akatoa ndimu nyingine, na nyingine, zikapita mkono kwa mkono mpaka safu za mbele. Wanaume wakapeleka karafuu upande wao. Sijui kama alibakiwa na hata moja.

Na yule baharia wa vifuko, kijana mdogo, alirudi kwetu akaketi chini sakafuni, akaupakata mguu wa mama. Boti ikilala kulia, anauegemeza kifuani. Ikilala kushoto, anauzuia kwa mkono. Pale chini ndipo aliponieleza: injini zipo mbili, moja imeanza kupata moto kwa sababu maji ya bahari yanayoipoza hayapandi, pengine mfuko wa plastiki umeziba tundu la kuvutia maji. Wameizima ili isiharibike, tutakwenda na moja polepole mpaka Mkoani. Nikayarudia maneno yake kwa sauti, na safu za karibu zikanyamaza kusikiliza. Mbele waliendelea kulia, kwa sababu hawakuyasikia. Nahodha angeyasema yale kwenye spika kwa muda mfupi kuliko nilioutumia mimi kuyaandika. Hili ndilo linaloniuma kuliko kuchelewa na kuliko ubovu wenyewe. Injini huharibika. Kuwaacha watu wakiagana na watoto wao kwa jambo ambalo wewe unajua litakwisha, hapana.

Tulifunga Mkoani baada ya magharibi, daladala hakuna. Bibi wa Kengeja alikuwa na mjukuu wake anamngoja, lakini hakukubali kuondoka mpaka aone tumepata usafiri. Akamwendea mtu mwenye keri, gari dogo la mizigo, aliyekuja kuchukua bidhaa zake. Yule bwana alimsikiliza, akamkabidhi mlinzi mzigo wake auchukue kesho, mama akamkalisha mbele. Mkoani ni kusini, Wete kaskazini; alivuka karibu kisiwa kizima kwa ajili ya watu asiowajua. Pesa ya mafuta aliipokea kwa kulazimishwa.

Kampuni niliipigia simu, nikawaambia ninachotaka: kiti cha magurudumu gatini, vifuko vya kutosha, na mtu wa kusema kwenye spika. Walinijibu kwa adabu kuwa watalifikisha. Kijana wao wa sakafuni niliwaomba wamshukuru kwa niaba yangu.

Ukilazimika kusafiri na mgonjwa, omba kiti cha chini, upande wa nyuma wa boti, mguu unaouma usiwe upande wa njia. Ndimu zako mwenyewe. Mtu wa kukungoja Mkoani, awe tayari kungoja mpaka usiku. Ukiweza kusubiri, subiri maleleji, kusi imekwisha na kaskazi haijaingia.

Sisi plasta tulitakiwa kurudi mjini kuifungua. Nimeuliza Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani hapohapo, wamekubali kuifungua wao. Mama havuki tena mwaka huu.