Pilingi Nyekundu ya The Ordinary: Dakika 10 Ndo Mwisho Jamani

Haya mambo zenu, karibuni tena, leo salamu fupi kwa sababu nataka niipake hii kitu mbele yenu kabisa, saa ya simu iwe inakimbia hapa pembeni, halafu tupige stori ikiwa usoni. Ni ile chupa nyekundu mnaijua, pilingi ya The Ordinary ya kutoa ngozi iliyokufa, ina asidi za aina mbili, AHA 30% na BHA 2%. Boksi sisomi, mshaliona huko TikTok mpaka mmelichoka, ile "damu" ndo hii hapa.

Uso nimeosha na nimeukausha. Mkavu, mnanielewa? Sio umejifuta na taulo juu juu bado unang'aa maji. Ngozi ikiwa na unyevu asidi inazama haraka, ndo unasikia mtu anapiga kelele dakika ya kwanza. Vaselini nimepaka pembeni mwa pua na kona za mdomo, na huku kuzunguka macho sigusi kabisa.

Sasa sogeeni, hapa ndo napoipendea. Nadondosha hapa shavuni, nasambaza na vidole, nyembamba, nyembamba, eeh. Mnaona? Shavu hili limeshakuwa jekundu na hili bado. Yaani rangi ndo kila kitu. Ukipaka asidi isiyo na rangi hujui umepita wapi, kidevu unakirudia mara tatu, paji la uso umelisahau, kesho kidevu kimebabuka unalalamika eti bidhaa mbaya. Hii inakuonesha. Angalia hapa kwenye taya, imejikusanya, imekolea, basi siongezi tone lingine, naivuta tu na kidole kuja juu kwenye shavu. Hapa katikati ya nyusi pamebaki peupe, nagusa kidogo. Kidevu, pua, basi. Mnaona uso wote umelingana? Kwa mtu wa rangi yangu mimi hii ni muhimu kuliko hata asilimia zilizoandikwa kwenye chupa, sababu sisi sehemu moja ikipata asidi nyingi kuliko nyingine haiishii kuwasha, inaacha doa.

Saa, twende.

Inachonyota, kama visindano, hiyo kawaida. Ikianza kuunguza kweli kweli unanawa hapo hapo, usiseme ngoja nimalize dakika zangu. Wenyewe wameandika isizidi dakika 10, na isizidi mara mbili kwa wiki, hiyo 10 ni mwisho sio kwamba lazima uifikie. Mara ya kwanza kaa dakika tatu, inatosha sana. Kuna mtu aliniandikia kwenye komenti eti alilala nayo, dada yangu nakuomba usirudie tena.

Inafanyaje kazi? Ngozi ya juu ni seli zilizokufa zimeshikana, hizi asidi zinalegeza ule mshikano zinatoka. Ya glaikoliki, hiyo ni AHA, ina molekuli ndogo ndo maana inaingia haraka, ipo na ya laktiki, AHA pia, halafu ile BHA 2% ni salisiliki, hiyo inayeyuka kwenye mafuta kwa hiyo inaingia mpaka ndani ya vitundu, ndo maana wenye chunusi na vile vidoti vyeusi vya puani wanaisifia.

Na swali mnaloniuliza kila video, "itanifanya mweupe?" Hapana. Na sitaki ikufanye mweupe. Inapunguza madoa yaliyoachwa na chunusi, rangi yako inalingana, inakuwa laini, rangi inabaki ile ile uliyopewa. Ukitaka mkorogo hii chaneli sio yenu, na mjue zebaki na haidrokwinoni, zile za kujichubua, kwenye vipodozi zimepigwa marufuku hapa Tanzania, sio watu wana wivu na nyie.

Halafu kuna kitu kinaniudhi mno. Zile chupa za pilingi ya njano zinazouzwa kwenye magrupu, haina lebo, haina asilimia, haina tarehe, imeandikwa tu "inachubua siku tatu". Inachubua kwa kitu gani? Asidi gani? Unamuuliza muuzaji anakwambia "ni ya asili dada". Mwaka 2024 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilionya watu kabisa wasinunue pilingi kali mtandaoni na kujipaka wenyewe nyumbani, zile za asidi kali kama TCA, glaikoliki, salisiliki, kwa sababu watu wanaungua na kupata makovu. Huko ambako vitu vina lebo! Sasa wewe wa chupa ya njano isiyo na jina uko wapi? Pilingi za kuingia ndani zaidi ni za daktari, ile ya fenoli inaweza kusumbua hata mapigo ya moyo, mgonjwa anafungwa mashine wanamwangalia. Wataalamu wa ngozi tunao, hospitali ya KCMC pale Moshi kuna kituo cha mafunzo ya ngozi, RDTC, tangu 1992, wamefundisha watu wa nchi kibao za Afrika.

Tupo dakika ya saba, naenda kunawa, maji ya uvuguvugu.

Nimerudi. Sogea kamera. Wekundu kidogo hapa ila haijavimba, na hii pua, guseni skrini, laini! Sasa usiku huu napaka moisturaiza tu, retinoli hapana, vitamini C hapana, skrabu ndo usifikirie kabisa.

Ila nikiwaza vizuri, lile onyo la FDA nililowaambia linanifanya niwe makini hata na hii, 30% ni kali. Ningekuwa naongea na mdogo wangu ambaye hajawahi kupaka asidi nisingempa hii. Wenyewe wamesema ni ya waliozoea asidi. Ningempa ile laktiki yao ya 5%, au asidi ya mandeliki, hiyo molekuli yake kubwa inaingia taratibu, ngozi zetu nyeusi zinaelewana nayo. Na wajawazito, na anayekunywa vidonge vya chunusi vya isotretinoini, muulizeni daktari kwanza, msiniulize mimi.

Sanskrini sasa. Asidi inafanya ngozi ishikwe na jua kirahisi, na sio siku hiyo tu, hata wiki nzima baadaye, kwa hiyo kama huna hela ya sanskrini huna hela ya pilingi, nunua sanskrini kwanza. Hapo hapo KCMC ndo ilipoanzia sanskrini ya ndugu zetu wenye ualbino, inaitwa Kilisun, kila nikiikumbuka najisikia fahari.

Bei, hapa Dar inacheza kuanzia elfu thelathini na kitu mpaka sitini, chupa ile ile. Ukiikuta elfu nane ogopa, feki ni nyingi. Muulize muuzaji kaitoa wapi, akijing'atang'ata rudisha.

Alhamisi nipo laivu saa tatu usiku na wenye melazma, yale mabaka meusi ya usoni, leteni picha za bidhaa zenu nizisome lebo moja moja. Sabskraibu, na kama una ile chupa ya njano nyumbani niandikie hapa chini kabla hujaipaka.