Cherehani ya bibi imekwama: mafuta ya taa au joto?

Mkono wa kuinulia mguu unaobana kitambaa kwenye cherehani ya zamani ukigoma, mara nyingi kilichoushika si kutu bali mafuta ya miaka mingi yaliyogeuka gundi. Kwa unafuu wa bei, mafuta ya taa yanaongoza: matone machache tu yanatosha. Ila yanataka subira. Dondosha jioni, yaache yapenye usiku kucha, asubuhi tikisa mkono taratibu, kisha rudia. Tafadhali usikimbilie nyundo. Chuma kilichomiminwa kwenye kalibu hakipindi, kinapasuka, na cherehani iliyosomesha watoto inaishia kuuzwa kama chuma chakavu. Inauma sana.

Joto la drayer ya nywele linashinda kwa kasi. Gundi hulainika ndani ya dakika chache. Lakini likizidi huharibu yale maua ya dhahabu kwenye mwili wa cherehani. Na usipulize joto palipo na mafuta ya taa: mvuke wake unashika moto.

Mafuta ya taa yakikauka huacha chuma kitupu, rahisi kushika kutu. Ukiishi karibu na bahari, kama Kigamboni, paka mafuta ya cherehani siku hiyohiyo. Fundi mwenye wateja mlangoni atapendelea drayer. Mwenye urithi wa bibi na muda wa kutosha, mafuta ya taa.